Kaka kafunguliwa tumbo, utumbo mpana umekutwa umejisokota, shemeji anatuhumiwa kumlisha. Chanzo chake ni nini hasa?

#1 Mlima Viazi

Salaam wakuu.

Kaka yangu, miaka 41, analima viazi na mahindi huku Njombe. Jumamosi usiku kala ugali na maharage, kalala vizuri. Saa nane anaamka tumbo limejaa na linamkata, choo hakitoki, hata upepo hautoki. Mkewe kampa Eno, halafu maji ya magadi. Kulipokucha tumbo limekaza, limevimba upande mmoja zaidi ya mwingine. Zahanati wakamtundikia dripu, wakaandika rufaa. Kule ilipigwa eksirei moja tu, daktari akasema utumbo mpana umejisokota, aingie thieta sasa hivi. Kapigwa nusu kaputi, kafunguliwa. Kipande kilikuwa kimeshakuwa cheusi, wamekikata, na sasa choo kinatokea kwenye mfuko ubavuni kushoto. Anaendelea vizuri, anakunywa uji na ameanza kugombana na manesi.

Tatizo liko nyumbani. Mama na dada mkubwa wameshikilia kwamba shemeji kamlisha kitu, kwa kuwa chakula cha mwisho alipika yeye. Mimi nilikula sufuria hiyohiyo. Kikao cha ukoo ni wiki ijayo. Daktari nilipomuuliza chanzo alisema "hutokea tu", akapita kwa mgonjwa mwingine. "Hutokea tu" siwezi kuipeleka kikaoni. Wajuvi, utumbo wa mtu mzima unajisokota kwa sababu gani?

#2 Kidevu

Pole mkuu. Nimekaa hapa nasubiri madaktari.

#3 Bint Pongwe

Pole. Huo ni mshipa. Sisi huku Tanga tunaujua. Ngiri ikikomaa inapanda tumboni na kusokota matumbo. Babu yangu alikuwa nao, akija yule mzee wa Pangani kumkanda kwa mafuta ya nyonyo unatulia mwaka mzima. Watu wa bara mnakimbilia visu.

#4 Tabibu wa Zamu

Mtoa mada pole. Bint Pongwe, shikamoo ya babu yako ifike, lakini umechanganya magonjwa mawili.

Ngiri ni utumbo kupenya kwenye tundu la ukuta wa tumbo, kinenani au kitovuni. Ikibanwa inaziba choo kabisa, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo imekuwa sababu kubwa ya kuziba kwa utumbo katika hospitali zetu. Ya huyu kaka ni nyingine, inaitwa volvulasi ya sigmoidi. Sigmoidi ni kile kipande cha mwisho cha utumbo mpana, kushoto chini, kabla ya njia ya haja kubwa. Kimeshikwa nyuma na utando unaopitisha mishipa ya damu. Kwa watu wengine kipande hicho ni kirefu mno na shina la utando wake ni jembamba. Fikiria bembea ambayo kamba zake mbili zimefungwa karibu karibu kwenye tawi: ikisukumwa vibaya inajizungusha. Ikishazunguka, hewa na choo vinanaswa katikati, tumbo linavimba, na damu inakatika. Rangi nyeusi waliyoiona ni nyama iliyokufa kwa kukosa damu.

Kwenye eksirei inaonekana kitanzi kikubwa cha hewa chenye umbo la mbegu ya kahawa. Ndiyo maana eksirei moja ilitosha.

Na tafadhali, tumbo likishakaza hivyo lisikandwe na mtu yeyote. Utumbo uliokufa unapasuka.

Mtoa mada nina swali: hii ni mara ya kwanza? Hakuwahi kujaa tumbo siku nzima, halafu akatoa upepo mwingi na kupona mwenyewe?

#5 Kidevu

Kumbe mtu unatembea na bembea tumboni.

#6 Bint Pongwe

@Tabibu, babu alikufa na miaka tisini na kitu, kwa malaria. Mafuta ya nyonyo hayakumuua.

#7 Mlima Viazi

Tabibu, umenishtua. Ndiyo, miaka mingi. Tumbo linajaa, analala chini ya mti anabingirika, jioni anajamba mtaa mzima unajua, kesho yuko shambani. Tulikuwa tunamcheka.

Na mwaka 2022 alilazwa. Walimpitishia mpira kwa nyuma, hewa na choo vikatoka ndoo nzima, tumbo likashuka palepale. Wakamwambia arudi apangiwe upasuaji. Akasema amepona, na ulikuwa msimu wa kuvuna. Hakurudi.

#8 Tabibu wa Zamu

Basi hapo una nusu ya maelezo ya kikaoni.

Ule mpira ndio tiba ya kwanza ikiwa utumbo bado uko hai. Mnorwe mmoja, Bruusgaard, alichapisha mwaka 1947 akionyesha kwamba wengi wanafunguka bila kisu: unapitisha kifaa cha kuchungulia, unateleza na mpira hadi mahali paliposokotwa, unasogea pembeni haraka kwa sababu kitakachotoka ni kingi. Ila unafungua msokoto tu. Ile sigmoidi ndefu imebaki palepale. Karibu nusu ya wagonjwa hurudiwa, na ripoti nyingine zinaenda juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo mgonjwa huachwa apumzike siku kadhaa, halafu hukatwa kile kipande akiwa na nguvu zake, na ncha mbili zinaunganishwa papo hapo bila mfuko.

Akija na gangrini, yaani utumbo umeshakufa, hakuna anasa hiyo. Unakata, ncha ya juu unaitoa nje, ya chini unaifunga na kuiacha ndani. Inaitwa upasuaji wa Hartmann, Mfaransa aliyeueleza mwaka 1921 kwa ajili ya saratani.

Sasa mtoa mada, mwaka 2022 alikula wapi siku ile?

#9 Mlima Viazi

Ngoja... alikuwa kwa mama. Kulikuwa na msiba.

#10 Kidevu

Hahahaaa! Kikao kimekwisha. Mama apande kizimbani.

#11 Mnyalukolo

🤣🤣 Usiseme hivyo kikaoni mkuu, utalala nje.

#12 Dona Daima

Tuache utani. Tabibu kaeleza jinsi unavyojisokota, hajasema kwa nini huyu na si mwingine. Jibu ni chakula. Mlo wa makapi mengi, ugali wa dona, maharage, makande, unatoa choo kikubwa kila siku. Utumbo unabeba mzigo miaka thelathini, unatanuka na kurefuka. Ndiyo maana ugonjwa huu umejaa Afrika, India, Uturuki na Iran, wakati Wazungu wala mkate mweupe wanaupata kidogo. Nimesoma hilo kwenye vitabu vya upasuaji, si porojo.

#13 Mnyalukolo

Nani kakwambia Njombe tunakula dona? Mtoa mada, tuambie.

#14 Mlima Viazi

Sembe. Nyeupe pee. Dona tunawapa mbwa.

#15 Dona Daima

Maharage je? Na miaka ya nyuma, mashine za kukoboa hazijajaa? Utumbo haukurefuka jana.

#16 Msomaji wa Lira

Kuna jambo la kuchekesha kwenye hoja ya makapi. Yule mmisionari wa Kiingereza wa hospitali ya Mulago, Uganda, Burkitt, alizunguka dunia akihubiri kinyume chake: kwamba Waafrika wanapona magonjwa mengi ya utumbo kwa sababu ya kula makapi. Apendiksi, kuziba choo, vifuko vya utumbo mpana, yote alisema ni magonjwa ya unga uliokobolewa. Kwa hiyo makapi yanatuponya au yanatusokota?

#17 Mzee Kumbukumbu

Burkitt hakuwa Mwingereza wala mmisionari. Mwairishi, kazaliwa Enniskillen mwaka 1911, akaja Uganda mwaka 1946 kama daktari wa serikali ya kikoloni. Mcha Mungu, ndiyo. Na alikuwa na jicho moja, lingine lilipotea utotoni kwa jiwe. Akapasua watu hivyo hivyo.

#18 Kidevu

Jicho moja na kisu mkononi. Mimi ningeomba rufaa.

#19 Tabibu wa Zamu

Msomaji, swali lako ni zuri kuliko majibu tuliyo nayo. Makapi hulainisha choo, hilo halina ubishi. Ila yanaongeza ukubwa wake pia. Wengine wanasema ule ukubwa ndio unaorefusha utumbo. Wengine wanasema tatizo ni choo kigumu kinachokaa siku nyingi. Wote wawili wana wagonjwa wa kukuonyesha.

#20 Nesi wa Leeds

Habari zenu. Niko Uingereza, kazi yangu ni kwenye nyumba ya wazee, naomba niunge mkono upande wa choo kigumu. Huku volvulasi ni ya wazee wa miaka 70 na 80, wengi wana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, au wanatumia dawa za akili, hawatembei, choo kwao ni vita. Tulikuwa na mzee mmoja akipelekwa hospitali kutolewa hewa kwa mpira, anarudi, miezi michache anapelekwa tena. Moyo wake ulikuwa mbovu, hakuna aliyethubutu kumpa nusu kaputi. Sasa mkulima wa miaka 41 anayeinama na jembe kutwa, siamini anaumwa ugonjwa kwa sababu ileile. Jina moja, njia mbili.

#21 Mwalimu wa Fizikia

Mmeruka kitu kilicho wazi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na gesi kwenye shinikizo dogo hutanuka. Piga hesabu: hewa ileile iliyoko Dar inachukua nafasi kubwa kwa takriban robo ukiwa Njombe. Sasa angalia ramani ya ugonjwa. Nyanda za juu za Ethiopia. Andes ya Bolivia na Peru, ambako madaktari wanaeleza kabisa utumbo mkubwa wa watu wa milimani. Erzurum ya Uturuki, mji ulio karibu mita 1,900, ambao una moja ya orodha kubwa za wagonjwa hawa duniani. Milima, milima, milima.

#22 Kipchumba wa Bomet

Sasa wadau. Mwalimu anaongea ukweli, huku kwetu juu hii kitu iko. Mjomba wangu alipatwa, jirani pia, wote wanaume, wote wakulima. Boda ilimbeba mjomba usiku kwa mvua hadi hosi. Alikatwa wakaunganisha siku hiyohiyo, hakuwekwa mfuko.

#23 Mama Pili

Nimeona mnasema wanaume tu. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, tumbo likamkata, kila mtu akasema uchungu umeanza mapema. Alikaa wodi ya wazazi siku mbili akipimwa njia. Choo hakitoki, wanasema mimba inabana. Daktari wa pili ndiye aliyestuka. Alifunguliwa, sigmoidi imejisokota. Yeye tulimpata, mtoto hatukumpata. Hospitali siitaji.

#24 Tabibu wa Zamu

Pole sana Mama Pili. Hiyo inajulikana, na inawapita madaktari wazuri pia: mfuko wa uzazi ukikua unaisukuma sigmoidi juu kutoka kwenye nyonga, ikiwa ni ndefu inapata nafasi ya kuzunguka. Mjamzito mwenye tumbo linalokata, asiyetoa hata upepo, apigwe picha. Hofu ya eksirei isimzuie.

Kwa nini wanaume ni wengi: inasemwa nyonga ya mwanamke ni pana, kitanzi kikijisokota kinapata nafasi ya kujifungua chenyewe. Ni nadharia. Haijawahi kumridhisha kila mtu.

#25 Msomaji wa Lira

@Mwalimu, mbona Afrika Magharibi wanapata? Accra ya Ghana iko kando ya bahari na wamechapisha wagonjwa wao. Na mtu anayeishi mlimani miaka yote, ile hewa si anaitoa tu? Mwili haujafungwa kizibo.

#26 Mwalimu wa Fizikia

Sikusema milima pekee. Nimesema inaongeza. Na kizibo ndicho hichohicho tunachokijadili.

#27 Mzee Kumbukumbu

Mwalimu, nikupe hadithi ya huyohuyo mwenye jicho moja. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walipanda gari la zamani, wakasafiri kama maili 10,000 kutoka Uganda kushuka kusini, Tanganyika wakapita, wakiuliza kila hospitali: mnawaona watoto wenye uvimbe wa taya? Ule uvimbe ndio leo unabeba jina lake. Wakachora ramani. Ikaonekana hospitali za nyanda za juu hazina hao watoto, kuna mstari wa kimo usiovukwa. Wangeweza kuishia kusema kimo ndicho kinga. Ukweli ni kwamba mstari ule ulikuwa wa joto na mvua, yaani wa mbu, na malaria ikaja kuonekana ni mshirika wa ugonjwa. Kimo kilikuwa kimesimama badala ya kitu kingine. Sasa jiulize milimani kuna nini kingine zaidi ya hewa nyepesi. Viazi? Kunde? Ndoa za ukoo mmoja? Kukaa mbali na hospitali, hadi wanaofika ni wale waliosokoteka kweli?

#28 Mwalimu wa Fizikia

Mzee umenijibu kwa ramani. Bado nabaki na hewa yangu.

#29 Mutoto ya Bukavu

Jambo wote. Huku kwetu watu wanapendaka lavema ya miti, dawa ya kupitisha kwa nyuma, mutoto akivimba tumbo wanamuwekea, mukubwa akikosa choo wanamuwekea. Docta mumoja alituambia hiyo inaharibu tumbo pole pole, inazoea kusukumwa. Ndugu yako alikuwa anafanya hivyo?

#30 Mlima Viazi

Hapana mkuu, enema ya miti hatuna. Magadi tu, na soda akijaa.

#31 Kisu Butu

Nimefanya kazi thieta miaka mingi, niongeze kitu kibaya zaidi. Kuna wakati unafungua tumbo ukitegemea sigmoidi peke yake, unakuta utumbo mwembamba umeizunguka na kujifunga fundo. Zote mbili nyeusi. Huyo mgonjwa anakuja ameshazama, shinikizo la damu halipimiki, jana yake mchana alikuwa mzima. Daktari Shepherd alichapisha wagonjwa 92 wa fundo hilo kutoka Uganda, mwaka 1967, kwa hiyo ni ya kwetu kabisa. Nadharia yake inahusu namna ya kula zaidi ya kinacholiwa: mlo mmoja mkubwa kwa siku, jioni, na vinywaji vingi juu yake. Utumbo mwembamba uliokuwa mtupu unajaa ghafla, unaporomoka kwenye nyonga, unaizunguka sigmoidi.

Njoo kwa mkulima: asubuhi chai kavu, mchana shamba, usiku mlima wa ugali na lita za maji. Au togwa. Au ulanzi, watu wa Njombe mnisamehe.

#32 Mnyalukolo

Ulanzi uachwe. Ulanzi haujawahi kusokota mtu utumbo, unasokota miguu tu.

#33 Bint Pongwe

Kisu Butu, kwa hesabu hiyo sisi wafungaji tungekwisha kila Ramadhani. Futari ya kwetu si mchezo: uji, tambi, mihogo ya nazi, kaimati, mtu amekaa na njaa tangu alfajiri.

#34 Kisu Butu

Mama, imeandikwa. Kutoka Afghanistan waliripoti utumbo mwembamba kujisokota ukiongezeka mwezi wa Ramadhani. Lakini hiyo ni ya utumbo mwembamba, na mamilioni wanafunga salama. Anza na tende na maji, kaa, rudi mezani baadaye. Mtume mwenyewe ndivyo alivyokuwa akifungua, sikufundishi dini.

#35 Bint Pongwe

Hapo sawa, umeongea kama mtu wa pwani.

#36 Msomaji wa Lira

Tusisahau Brazil. Kule chanzo kimoja kinajulikana kabisa: ugonjwa wa Chagas. Mdudu anayefanana na kunguni anaambukiza kijidudu, kijidudu kinaua neva za utumbo mpana, unakuwa mkubwa na mvivu, unajisokota. Carlos Chagas aliueleza mwaka 1909. Huku tuna ndugu yake yule kijidudu.

#37 Tabibu wa Zamu

Ndugu yake ndiyo, wa malale anayebebwa na mbung'o, lakini yeye anashambulia ubongo na hagusi utumbo namna hiyo. Chagas haiko Afrika. Usimpe mtoa mada jambo jingine la kubeba kikaoni.

#38 Fundi wa Ukweli

Mnajidanganya na eksirei. Kwa nini usiku? Kwa nini baada ya chakula cha mke? Kulishwa kupo, nyie endeleeni na sigmoidi.

#39 Kidevu

Kwa hiyo mwaka 2022 alilishwa na mama yake msibani, au mchawi alimtegea nyumba mbili?

#40 Nesi wa Leeds

@Fundi, sumu inayomkata mtu mmoja kati ya wote waliokula sufuria moja, halafu inazungusha utumbo mara moja na nusu kuelekea upande fulani, mimi sijakutana nayo. Mtoa mada, omba hospitali muhtasari wa kutoka na karatasi ya upasuaji. Waombe waandike mambo mawili: historia yake ya 2022, na kama waliona sigmoidi ndefu. Karatasi yenye muhuri inaheshimiwa na wazee.

#41 Mlima Viazi

Mrejesho wa kikao. Karatasi nilipeleka, mjomba akaisoma kwa sauti hadi pale penye 2022. Kimya. Mama akasema basi si mke, ni yule jirani waliyegombania mpaka wa shamba. Dada bado hasalimiani na wifi yake. Shemeji karudishiwa funguo za stoo, hayo ndiyo niliyopata.

Sasa niulize ya mbele: mfuko ni wa maisha? Na mimi, mdogo wake wa tumbo moja, nipimwe?

#42 Tabibu wa Zamu

Mfuko mara nyingi hurudishwa ndani baada ya miezi kadhaa, akishapata uzito na kidonda kikatulia. Ni upasuaji mwingine mkubwa, si wa kwenda na kurudi, na wapo wasiorudishiwa kabisa kwa umri au maradhi mengine. Huyu ni kijana, aulize kliniki tarehe mapema, safari hii asisubiri mavuno. Wiki za mwanzo asibebe magunia, misuli pembeni ya lile tundu inalegea na kutoa ngiri.

Wewe hakuna kipimo cha kukimbilia kama huna dalili. Familia zenye wagonjwa wawili watatu zimeripotiwa, ila kama ni urefu wa kuzaliwa nao au ni sufuria moja mnayolia, hakuna aliyelitenganisha. Ukijaa tumbo na upepo ukagoma kutoka, nenda siku hiyohiyo.

#43 Dona Daima

Sufuria moja! Nimesema tangu mwanzo.

#44 Mnyalukolo

Sufuria ya SEMBE.

#45 Kipchumba wa Bomet

Mjomba alikuwa wa ugali na maziwa mala. Mtamweka wapi?

#46 Nesi wa Leeds

Mtoa mada, kuhusu mfuko: ngozi ya pembeni ioshwe kwa maji safi ya uvuguvugu tu, ikaushwe kabisa kabla ya kubandika mpya, na tundu la gundi likatwe sawasawa na lile la tumboni, isiachwe ngozi wazi. Choo kikigusa ngozi kinaunguza. Maharage, kabichi na soda vitajaza mfuko hewa usiku, apunguze akiwa na safari. Mifuko ikiwa ghali huko, ulizeni wodini, wengi wanajua inapopatikana kwa bei ya chini.

#47 Mlima Viazi

Asante sana nesi. Kabichi ndiyo mboga yake.

#48 Kidevu

Nafuu anajambia mfukoni, mtaa umepona.

#49 Mnyalukolo

Mtoa mada, gunia la viazi shambani sasa hivi mnatoa bei gani? Njoo PM, nina fuso linashuka Dar Alhamisi.